Kioo cha Dada

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, na hadi leo akiyasimulia husaga meno.

Matanga ya dada yake hayajaanuliwa, shemeji yake akaleta kompyuta ya marehemu, ile ya kugusa kioo. "Shemeji, futa kila kitu. Kuna mtu nataka kumpa."

Mtu! Fundi akameza uchungu, akaipokea.

Kabla ya kufuta alifungua picha moja: dada na mumewe, sebuleni. Dada alikuwa mshonaji. Tangu pasi imuunguze kidole gumba, alikuwa akikuza picha kwenye kioo kwa kidole cha shahada na kile kidogo, na mumewe akimcheka.

Mara umeme ukakatika. Gizani ikabaki kompyuta tu, ikiwaka kwa betri. Fundi akasikia kucha zikikwaruza kioo, polepole. Picha ikaanza kukua, dada akapotelea pembeni mwa kioo, ikabaki sura ya shemeji. Fundi akaifungua kompyuta, akachomoa waya unaokifanya kioo kihisi vidole. Picha ikazidi kukua, mpaka jicho moja likajaa kioo.

Umeme uliporudi, aliona kwenye kioo michirizi miwili ya kucha, imeachana sana. Akasugua kwa kitambaa, akasugua tena.

Ilikuwa upande wa ndani.