Ushuhuda na Dawa ya Usingizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wangechi alimshika mdogo wake Kiama kwapani na kumwinua kitandani. Kiama alikuwa na miaka tisa, lakini misuli yake ilizidi kudhoofika. Alitembea kwa ncha za vidole na kuanguka ovyo. Kliniki walikuwa wamesema ugonjwa huo hauna tiba, na kwamba akihitaji kupasuliwa siku yoyote wasikose kuutaja, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi zingeweza kumuua.

Kisha Jumapili moja mama yao, Rachael, alisimama mbele ya kanisa lao la Gitothua akashuhudia kwamba Kiama amepona. Waumini wakashangilia mpaka sauti zikawakauka. Tangu siku hiyo, kuutaja ugonjwa kulikuwa sawa na kumwita Mungu mwongo. Wangechi akanyamaza, ila bado alimwinua Kiama kila asubuhi.

Ndipo kidole tumbo kikamshika Kiama. Walimkimbiza hospitali moja mjini Thika, ikaamuliwa apasuliwe mara moja. Daktari Ajwang, mtaalamu wa dawa za usingizi, akamuuliza mama, "Mtoto ana ugonjwa mwingine wowote?"

"Hana, daktari. Ni mzima kabisa."

Mama alimkazia Wangechi macho. Mama huyu ndiye aliyembeba Kiama mgongoni miaka yote. Wangechi angemwaibishaje mbele za watu? Lakini kitanda kilishaanza kusukumwa.

"Daktari, ngoja!" Wangechi alilia. "Kiama hajapona! Misuli yake ni migonjwa!"

"Wewe Wangechi! Unataka watu waseme nini?"

Ajwang alisimamisha kitanda, akasikiliza yote. "Mama," alisema polepole, "dawa niliyoandaa ingeweza kusimamisha moyo wake pale pale mezani." Aliagiza moyo upimwe, akabadilisha dawa, akaomba kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. "Sasa najua la kufanya, lakini siwezi kuwaahidi kwamba atapona."

Wangechi na mama yake walikaa kwenye benchi wakisubiri. Wangechi alikata tamaa kabisa. Hata Kiama akitoka salama, misuli yake ingezidi kufa tu.

Alasiri, Ajwang akatoka. "Anapumua mwenyewe," alisema. "Kuomba, ombeni. Lakini anayemtibu mwambieni yote."

Mama akamvuta Wangechi kifuani, akalia kwa sauti.

"Nilisema natetea imani, kumbe nilikuwa naogopa aibu," alisema. "Ugonjwa bado upo, mwanangu, na utatuumiza sana. Usiufiche tena, hata mimi nikikuambia uufiche."