Maandishi Meupe

Asubuhi neno lilikuwa limerudi, na Mstari alikumbuka vizuri kwamba jana alilificha.

Mstari ni jina alilopewa ofisini kwa jinsi alivyochora ramani za nyumba kwenye kompyuta: mistari yake ilinyooka kuliko tabia ya bosi wake. Safari hii walikuwa wakichora jumba la tajiri mmoja, na kiwanjani mlikuwa na kaburi la bibi asiye na ndugu. Mpimaji alikuwa ameandika KABURI, pale pale ambapo sebule ingekaa.

"Wakaguzi wakiliona, kibali hatupati," bosi alisema. "Lifiche."

Mstari akalichagua neno, akapunguza ukubwa wa herufi, akalipa rangi nyeupe. Juu ya karatasi nyeupe, nani angeliona?

Leo lilikuwa jeusi, limekolezwa. Akalipa weupe tena. Likarudi jeusi na kukua mbele ya macho yake, huku harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikitoka nyuma ya skrini.

"Bosi, unasikia harufu?" alinong'ona.

"Nasikia harufu ya uvivu. Chapa kazi."

Alipofika nyumbani alimkuta binti yake, mtoto wake wa pekee, anawaka homa.

"Baba," mtoto alisema kwa sauti ndogo, "mwambie yule bibi aache kunipima kwa kamba."

Mstari alifungua ramani ya nyumba yake, aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, akashuka kwa macho kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumba cha mtoto, na pale juu ya kitanda, katika herufi zile zile nene ambazo hakuziandika yeye wala mtu mwingine aliye hai, akasoma KABURI.

Mkewe alikwenda mbio kumleta mganga, mama mfupi asiyependa maneno mengi. Alinusa hewa ya chumba, akatikisa kichwa.

"Huyu hafukuziki. Mmemfuta kwake, sasa anatafuta pa kulala. Kamba hukatikia pembamba, ndiyo maana kaanza na mtoto. Mrudishie neno lake."

Mstari alirudi ofisini na kulirudisha, jeusi, kwa ukubwa ule ule wa mpimaji. Bosi akamkuta hapo hapo.

"Nikose kibali kwa sababu ya homa ya mwanao? Akifa si utazaa mwingine."

Akamsukuma atoke kitini, akashika kipanya, akalipa neno weupe kwa mkono wake, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Mstari akapiga simu nyumbani.

"Mtoto yukoje?"

"Ameamka, anaomba chakula," mkewe alijibu. "Anasema bibi amemuaga. Kasema amepata kwingine."

Mstari akafungua ramani ya ofisi yao. Katika chumba cha bosi, chini ya meza, neno lilikuwa limekaa kwa utulivu. Nyuma ya mlango wa bosi jembe lilianza kugonga, taratibu, kutoka chini ya vigae.

"Mstari," bosi aliita. "Mlango haufunguki. Nani anachimba humu? Angalia ramani, chini yangu kuna nini?"

Mstari akalichagua neno. Akafungua rangi, akachagua nyeupe.

"Sioni kitu, bosi," alisema, akazima kompyuta na kwenda kumlisha binti yake.