Dole Gumba la Mama Antonia

Asubuhi ile Rhotia yote ilikuwa ndani ya ukungu. Ukungu huo huteremka kutoka msitu wa Ngorongoro, hulala juu ya mashamba, wala hauna haraka ya kuondoka. Lukresia, ambaye majirani walimwita Mama Antonia, alikuwa mlangoni akipepeta maharage.

Mumewe, Yohani, alikuwa amefariki kabla ya masika. Kwa miaka mingi Yohani aliifanyia kazi serikali, akitengeneza barabara ipandayo Ngorongoro. Alipofariki, serikali ilianza kumlipa mjane wake kila mwisho wa mwezi. Lukresia alichukua malipo hayo posta, Karatu mjini. Mwaka ule mvua ilikuwa imewatupa, na mahindi yalinyauka yangali mafupi. Malipo yale ndiyo yaliyokuwa unga wa Antonia na wadogo zake.

Mwanamume mmoja akatokea katika ukungu. Alivaa koti safi. Mkononi alibeba sukari na mche wa sabuni, vitu ambavyo mwaka ule vilikuwa adimu madukani. Alipofika uani alivua kofia, akaanza kulia.

"Shemeji, pole," alisema. "Mimi naitwa Naftali. Nilifanya kazi na Yohani. Nilihamishiwa mbali, habari zimenifikia juzi tu."

Sasa, kwa watu wa Rhotia, aliyekosa mazishi hapewi habari kwa mkato. Huketishwa, hulishwa, kisha husimuliwa msiba wote, tangu ugonjwa ulipoanza hadi udongo wa mwisho kaburini. Kumnyima masimulizi ni kumvunjia heshima marehemu. Basi Lukresia akasimulia.

Naftali alisikiliza kwa upole, huku akiuliza maswali. Yohani alizaliwa wapi? Alianza kazi mwaka gani? Namba yake ya kazi ilikuwa ipi? Na wewe shemeji, baba yako alikuwa nani? Ubatizo ulipata wapi? Lukresia akamwaga maneno kama gunia lililotoboka. Alisimulia hata jinsi Yohani alivyoomba maji, akanywa kidogo, akalala, asiamke tena.

"Na kitabu cha malipo unacho?" Naftali aliuliza.

"Ninacho."

"Vizuri. Wajane wa wenzetu wameongezewa malipo. Lakini kitabu lazima kigongwe muhuri Arusha. Kesho nakwenda huko. Nipe nikusaidie, nitakirudisha upesi."

Lukresia alimpa. Naftali alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Mwezi ulikaribia kwisha. Naftali hakuonekana. Alasiri moja, katika darasa la kisomo cha watu wazima, Lukresia alimsimulia jirani yake Marsela, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Marsela akaweka chaki chini.

"Mama Antonia, kitabu umempa? Na habari zako zote umempa?"

"Ni mtu wa msiba, mwalimu. Alilia machozi."

"Machozi hata kitunguu huyaleta!" Marsela alisema. "Nisikilize, mama. Pale posta watu ni wengi, hawakujui kwa sura. Wanakujua kwa kitabu chako na kwa majibu yako. Kitabu anacho yeye. Na majibu umemfundisha wewe mwenyewe."

"Lakini yule ni mwanamume. Atasemaje kwamba yeye ni Lukresia?"

"Wanawake wamekwisha duniani?"

Sasa Lukresia alielewa. Aliwaza debe la unga nyumbani, ambalo lilikuwa karibu tupu. Aliona aibu, akaogopa sana.

"Kesho ni siku ya malipo," Marsela alisema. "Tuwahi."

Walifika Karatu wakati posta inafunguliwa. Karani aliitwa Moloimet, Mmasai wa Ngorongoro, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwagombeza. Kisha akaitoa kadi ya Lukresia, ile iliyohifadhiwa posta tangu siku ya kwanza.

"Kaeni kwenye benchi pale," alisema. "Msiseme neno."

Wakakaa. Watu waliingia na kutoka. Kisha akaingia mwanamke mmoja, kitambaa cheusi kichwani, kitabu mkononi.

"Naitwa Lukresia," alisema dirishani. "Mjane wa Yohani."

Moloimet aliuliza. Mwanamke alijibu. Alitaja kazi ya Yohani na namba yake. Alimtaja baba yake Lukresia. Alilitaja kanisa alikobatizwa. Kisha, bila hata kuulizwa, akafuta macho akasema, "Marehemu aliomba maji, akanywa kidogo, akalala."

Nywele zilimsimama Lukresia. Maisha yake yalikuwa yanatoka katika kinywa cha mtu mwingine, na hakuna neno lililokosewa. Alijishika mkono kuhakikisha kwamba bado yupo pale kwenye benchi.

"Vizuri, mama," Moloimet alisema. "Sasa dole gumba."

"Mbona nimejibu yote?"

"Umejibu yote. Dole bado."

Mwanamke alisita, kisha akalitia dole wino, akabonyeza karatasi. Moloimet akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya kadi, penye alama ya dole la Lukresia. Alipoinua kichwa, alimwita askari aliyekuwa mlangoni. Mwanamke akamtaja aliyemtuma, na muda si muda Naftali naye akakamatwa sokoni, akiwa anasubiri na koti lake safi. Kitabu kikarudi. Sukari ya Naftali haikurudi kwake, maana ilikwisha kunywewa na chai.

"Njoo, mama," Moloimet alimwambia Lukresia. "Bonyeza na wewe. Kisha tazama."

Lukresia hakulipenda dole lake. Kila alipolitia wino, aliona linamtangaza mbele za watu kwamba hajui kusoma. Sasa alitazama ndani ya kioo. Mistari ilizunguka na kupanda, kama matuta ya shamba la mlimani. Kwenye kadi ilikuwa ile ile. Ya yule mwanamke ilikwenda njia nyingine kabisa.

"Hakuna mwenye kama hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna."

"Hata Antonia, niliyemzaa?"

"Hata Antonia. Hata mapacha hawafanani. Kwetu tunamkata ng'ombe alama sikioni, lakini mwizi huweza kuikata upya. Hii ameikata Mungu."

Lukresia alilitazama dole lake kwa mshangao mkubwa. Wote waliopita duniani, na wote wanaopanda na kuvuna, na bado lake lilikuwa moja. Machozi yakamtoka.

"Basi ulilinde," Moloimet alisema. "Usilibonyeze kwenye karatasi usiyosomewa na mtu unayemwamini. Kitabu chako kisikae kwa mtu. Kama kuna muhuri, tutaugonga hapa hapa mbele yako. Na mgeni akisema ametumwa na serikali, mpeleke kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Mkweli hatakataa."

Siku ile Lukresia alirudi Rhotia na unga.

Baada ya mavuno haba ya mwaka ule, mgeni mwingine alikuja kutoa pole. Huyu aliitwa Bartolomeo. Balozi ndiye aliyemleta, kwa kuwa alimfahamu tangu ujana wake. Kweli alikuwa amefanya kazi na Yohani. Lukresia alimketisha, akampa ugali na maharage, akamsimulia ugonjwa na mazishi. Hakumnyima kitu.

"Na malipo unayapata vizuri, shemeji?" Bartolomeo aliuliza kwa wema. "Kitabu unacho?"

Lukresia alitabasamu, akainua dole gumba lake juu.

"Habari za Yohani uliza zote, shemeji. Za kitabu anazijua huyu peke yake."

Bartolomeo akacheka sana, akasema Yohani alioa mwanamke hodari. Kisha wakamlilia Yohani pamoja, na safari hii hapakuwa na kitunguu.