Isale Juu ya Mapipa

Asubuhi ya Jumamosi ile ilikuwa tulivu. Wasafishaji wa kijito chetu hapa Shirimatunda walikuwa wakizoa matope, na baba mdogo Basili aliwapelekea ndizi za kuchoma. Walitafuta mapipa ya sumu ya kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Baba mdogo ndiye aliyekabidhiwa kuyatupa mbali. Sisi wawili tuliyafukia shambani kwake, hatua kumi kutoka majini, na juu yake nikapanda isale, mmea ambao Wachagga tunauweka makaburini. Penye isale hakuna atiaye jembe.

Elirehema, msimamizi wao, alipouona alivua kofia. "Ni akina nani hawa, mzee?"

"Babu zangu."

"Basi tuwaache walale. Wasije wakatufuata nyumbani."

Wakacheka, wakahamia ng'ambo.

Bondeni aliishi Bibi Kornelia, aliyepikia maji ya kijito hicho. Tulimzika kabla ya Pasaka, midomo imembabuka. Nilibeba jeneza lake. Sikusema neno.

Saa saba mchana, jua likiwaka, tukasikia hodi nyumbani kwa baba mdogo. Maji yalikuwa yakitambaa kizingitini. Bibi Kornelia alisimama mlangoni, ndoo kichwani, kitenge kimelowa. Baba mdogo, kwa mazoea tu, alimwamkia shikamoo. Bibi alinyoosha mikono miwili. Ndani yake lilikuwamo jani la isale, limefungwa fundo.

Kwetu, mkosaji ndiye apelekaye isale. Apelekewaye hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Nisamehe, Basili," alinong'ona. "Nilikuwa nakanyaga kaburi la babu zako nikienda kuchota maji. Nadhani ndicho kilichoniua."

Baba mdogo alipokea. Angefanyaje? Tulipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Alikimbia hadi kijitoni, akapiga magoti matopeni mbele ya Elirehema, akakiri. Jina langu hakulitaja. Jioni mapipa yakafukuliwa, yote matano, yote yakivuja.

Sasa ni mwezi wa nane. Baba mdogo yuko gerezani. Mimi ninaimba kwaya, na watu wananisifu kwa upole wangu. Jani alilopewa lilikauka siku ile ile aliyokiri.

Langu nililikuta mezani kesho yake, limefungwa fundo. Bado ni bichi. Kila alfajiri hudondosha tone moja. Na pale linapodondokea, mbao za meza zimebabuka.