Mgeni wa Ghorofa ya Chini

Pei-jung, jirani yetu hapa nyuma ya bandari ya Keelung, Taiwan, ndiye aliyefunga ruta ya intaneti ya nyumba yao kwa mikono yake. Chini alikuwa na mgahawa wa supu ya kababu za samaki. Juu aliishi na mumewe Cheng-en na binti yao Lo-yi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Akaugawa mtandao makundi mawili. Simu zilizokuwa katika kundi la Familia zilifungua mlango wa juu na kuwasha kamera. Kundi la Wageni, yaani wanywa supu, lilipata intaneti, basi.

Asubuhi moja ya mvua, Jumapili, alirudi kutoka sokoni, akasogeza simu yake mlangoni. Mlango ukagoma.

Akashuka kwenye kompyuta ya mgahawa, iliyounganishwa na ruta kwa waya. Simu yake ilikuwa imehamishiwa kwa Wageni.

"We Cheng-en, umenichezea simu?" alimwita mumewe jikoni.

"Mama Lo-yi, mimi hata nenosiri silijui!"

Akairudisha. Ndipo akaona, ndani ya Familia, kifaa asichokiingiza yeye: Simu ya Mama.

Cheng-en alipolisoma jina hilo, uso ulimpauka. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa baridi. Simu yake waliiweka kando ya chungu cha majivu yake, kule hekaluni mlimani. Haikuwa na betri.

Maisha yake yote bibi yule hakumwita mkwewe kwa jina. Alimwita mgeni. Mgeni asiguse sufuria yangu. Mgeni asimfunge mtoto nywele.

"Tukachome ubani," Cheng-en alinong'ona. "Tumwombe radhi."

"Radhi ya nini? Nilimwogesha, nikamlisha alipobakiwa na jino moja, nikamsindikiza. Aniombe yeye!"

Akakizuia kile kifaa, akabadilisha nenosiri. Kabla hajainuka kitini, kikarudi. Akakizuia tena. Kikarudi na kundi jipya, ambalo hakuliunda mtu. Jina lake: Wangu. Ndani mlikuwa na Simu ya Mama, kufuli la mlango wa juu, na kishikwambi cha Lo-yi.

Pei-jung akapanda ngazi mbiombio kwa Lo-yi, aliyekuwa juu peke yake, Cheng-en nyuma yake.

Mlango umefungwa. Ndani, mtoto anacheka. Kisha ananyamaza, kama anayesikiliza.

"Lo-yi! Fungua, mwanangu!"

"Bibi anasema wageni wasubiri chini."

Cheng-en akapiga magoti, paji la uso sakafuni. "Mama, nakusihi. Mwache."

Ndani, kitu kikaburuzwa polepole kuelekea dirishani. Dirisha likafunguka. Sauti ya mvua ikaingia.

Pei-jung hakulia. Alishuka. Akakaa tena kwenye kompyuta. Kumfukuza kizee yule kumeshindikana. Haya, na akae. Lakini atakaa pale atakapowekwa. Akalifuta kundi la Wangu. Akalirudisha kufuli kwa Familia, na kishikwambi pia. Halafu akaichukua Simu ya Mama, akaitupa kwa Wageni.

"Nyumba hii ni yangu," alisema kwa sauti, kule chini peke yake. "Karibu, mgeni."

Taa zikazima. Zikawaka. Juu, kufuli likalia.

Walimkuta Lo-yi amesimama juu ya kiti dirishani, nguo zimelowa, nywele zimesukwa misuko miwili iliyokazwa hadi macho yamevutika. Mtoto hakujua kusuka. Pei-jung alimshusha, akaifumua yote pale pale, na mtoto akaanza kulia kama mtoto.

Waliposhuka, mgahawa ulikuwa mtupu, mlango wa barabarani umefungwa kwa ndani. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na bakuli la supu, bado linafuka moshi. Kababu zote zilikuwa zimeng'atwa. Kila moja ilikuwa na alama ya jino moja tu.

"Nani amempakulia?" Cheng-en aliuliza kwa kunong'ona.

Pei-jung alimwaga supu, akafuta meza. Kigoda cha meza ile kilikuwa kimelowa; alikifuta pia, mara nyingi. Hata leo ukikikalia, unainuka umelowa.