Aliyeitikia Jina la Muhiddin

Asubuhi ya nne kambini, sajenti aliita majina ya makuruti haraka haraka, macho kwenye daftari. Alipofika kwa Muhiddin Bakar, Usi aliitika, na sajenti akanyanyua uso.

"Nimekuita mara moja, itika mara moja. Hapa si maulidini."

Makuruti wakacheka. Usi hakucheka, maana yeye alikuwa ameitika mara moja tu. Ile sauti ya pili ilitoka nyuma ya kisogo chake, na yeye alisimama mstari wa mwisho.

Na hata hiyo moja haikuwa haki yake. Muhiddin Bakar alikuwa kaka yake, na alikuwa kaburini Jambiani. Ndiye aliyepimwa kifua na meno mjini, akaonekana mzima, akapewa cheti cha kuingia Keya, jeshi la Mwingereza, na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Homa haikusubiri mwezi. Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, mama yao, Bi Mwanaasha, alimwita Usi jikoni akamkabidhi kile cheti.

"Mnafanana," alisema. "Nenda wewe. Nkijua tu kuna mtu analiita jina lake kila siku, moyo wangu utatua."

Usi hakuwa na hamu ya bunduki wala buti. Lakini mtoto wa pili ni mtoto wa pili. Nguo zake zote zilipita kwanza kwenye mgongo wa kaka yake, na jina nalo akaliona ni vazi tu. Hawakumuuliza mtu. Siri ya watu wawili haina mshauri.

Wiki ya pili walikuwa wakitoka kwenye gwaride, njia ya Mangapwani, pale Gharib, kuruti mwenzake wa kitanda cha jirani, alipomshika bega.

"Muhiddin, unavuja damu."

Usi akavua buti. Kisigino kilikuwa kimechunika, soksi imelowa chapachapa. Akakigusa kwa kidole, akawa kama anayegusa ukuta. Kuanzia hapo uji wa moto haukuwa na moto, wala mchuzi haukuwa na chumvi. Shati lake lililotoka kufuliwa lilinuka karafuu maiti, ile ile waliyompaka Muhiddin kabla ya kumvisha sanda. Usi alilivaa hivyo hivyo. Alijua inampasa aogope, akawa anaingoja hofu kila asubuhi, na hofu haikuja.

Ile sauti nayo ilizidi kuwahi. Kwanza ilifuata baada yake, halafu ikaitika pamoja naye, na mwisho Usi aligundua kuwa hana haja ya kufumbua mdomo.

Adhuhuri moja, wakisugua vifungo vya mikanda, Gharib alimsogelea akanong'ona.

"Yule Tabia wa Makunduchi, utampelekea posa lini?"

"Tabia gani?"

"Si wewe ulonambia jana? Ukasema hapana anayejua isipokuwa shangazi yako." Gharib alitazama huku na huku. "Na ulipokuwa unanambia, mdomo wako ulikuwa umefumba."

Ijumaa walipopewa ruhusa, Usi alikwenda Kikwajuni kwa shangazi yake, Bi Kidawa, mganga aliyejulikana mji mzima kwa kutoa majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Kidawa hakumkaribisha kukaa. Alivuta hewa puani, akamtazama. "Umekuja na nani?"

Usi akamweleza yote, bila kutetemeka, kama anayesimulia ya mtu mwengine. Aliposikia jina la Tabia, siri aliyoambiwa na Muhiddin peke yake, Bi Kidawa alikaa chini.

"Kila mtu huzaliwa na jini wake," alisema polepole. "Mtu akifa, jini yule hubaki anazurura, hana kwao. Jina la maiti hupewa mtoto mchanga, kwa adhana, tena hitma ya arubaini ishasomwa. Nyinyi kaburi halijakauka mnamwita kila asubuhi mbele ya watu thelathini, na wewe unamwitikia. Si mmemkaribisha?"

Alimfukiza ubani, na moshi ukamwingia Usi machoni asipepese. Akampa kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa.

"Mimi simuwezi peke yangu," alisema Bi Kidawa. "Alokuvisha jina ndiye atakayekuvua. Ntampelekea mama yako habari. Aje pale pale mnapoitwa, akuite jina lako mara tatu. Ukiitika hata moja, umepona. Zikipita zote, mwili huo si wako tena."

"Sajenti atajua, shangazi. Watanifunga."

"Jela mtu hutoka, mwanangu."

Asubuhi ya kupanda meli ya bara, Bi Mwanaasha alikuwa amesimama kwenye uzio wa kambi, buibui limejaa vumbi la safari. Sajenti alikuwa hajafungua daftari.

"Usi," mama aliita.

Usi alimsikia. Ulimi ulilala mdomoni kama si wake. Akausukuma, haukwenda.

"Usi, mwanangu."

Hapo midomo ikafumbuka, na pamoja nayo yakaja yote aliyoyakosa kwa wiki zile, maumivu ya mguu, jua la kichwani, harufu ya jasho la wenzake, na hofu, hofu tele mpaka akataka kulia kwa furaha kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, na ile naam ikapanda kifuani, ikafika kooni, ikabaki pumzi moja tu itoke, ndipo nyuma ya kisogo chake sauti ikasema taratibu, kwa mkwaruzo ule ule aliokuwa nao Muhiddin siku za homa:

"Mama."

Mkono wa Bi Mwanaasha uliganda kwenye waya. Alimtazama mwanawe, kisha macho yakapanda, yakapita juu ya bega lake, yakatulia pale pasipokuwa na mtu. Usi alimuomba kwa macho. Mama hakuyaona.

"Unamtaka nani, mama?" aliuliza sajenti.

Bi Mwanaasha alikuwa amebakiwa na mara moja. Machozi yalimshuka, na uso wake ulikuwa umenawiri.

"Muhiddin," aliita.

"Naam, mama."

Sajenti akafungua daftari, akatia alama, akaita jina linalofuata.