Mama Anashuka Luano

Mfuko wa maharage ulipasuka katikati ya soko, maharage yakamwagikia viatu vyeupe vya msichana aliyekuwa anapita zake. Ndivyo Paluku alivyokutana na Benita. Benita alikuwa amevaa kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa, nywele kasuka mistari, na hasira tele.

"Papa, weye unauza maharage ao unayapanda?"

"Nayapanda, mama. Yakiota nitakuletea nyumbani. Unakaa wapi?"

"Makomeno. Lakini sikukuambia!"

Benita akacheka, basi, hasira ikawa imekwisha. Simu zikaanza. Asubuhi: "Chéri, umekula?" Mchana: "Nile namna gani na weye uko mbali?" Jumapili walikwenda kanisani pamoja, na wamama wa kwaya wakaanza kuulizana arusi ni lini. Paluku alikuwa amemwomba Benita wangojee ndoa kwa kila jambo, naye Benita akamsifu kwamba ana adabu. Ole wake! Ile adabu nusu yake ilikuwa woga.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Mama yake Paluku, Mama Deborah, akakimbia na nguo za mwilini, kutoka Goma mpaka Bukavu, Bukavu mpaka Uvira, halafu mashua mpaka Kalemie. Miaka yote tangu mwanawe ahamie Lubumbashi walikuwa wakisemezana kwa simu tu, na kwenye simu mama alimwita Kasoki. Kwao, Banande, jina la mtoto linasema lenyewe kama ni wa kike ama wa kiume, na ni wa ngapi. Kasoki ni binti. Paluku ni mtoto mwanaume wa kwanza. Alitoka Goma amevaa sketi. Alipofika huku akakata nywele, akavaa suruali, akajipa jina ambalo moyo wake ulikuwa umelijua tangu utotoni.

Alipomtumia mama tiketi ya ndege, ilibidi aseme.

"Mama, tiketi inatoka kwa Paluku. Paluku ni miye. Huku bantu bananijua mwanaume, na ndivyo niko. Hata pale nyumbani nilikuwa hivyo."

Halafu simu ikakatika. Ni mtandao uliokata, ao ni mama? Hakujua, na hakuthubutu kupiga tena. Aliwaza tu mlango wa uwanja wa ndege wa Luano, mama akipaza sauti "Kasoki!" na watu wote wa Kivu, wakimbizi wenzake, wakigeuka kumtazama. Chakula kilimshinda.

Afadhali Benita alisikie kutoka kwa Paluku mwenyewe kuliko pale, maana walikuwa wamepanga kumpokea mama pamoja. Alimkuta kwao Makomeno, amekaa barazani na Fanta yake.

"Benita, kesho mama ataniita Kasoki."

"Ni jina la utani?"

"Hapana. Ni jina la binti. Nilizaliwa, banasema ni binti, bakanilea binti. Ndani yangu sikuwa binti hata siku moja."

Benita aliweka chupa chini polepole. "Unanichezea."

"Sikuchezei."

"Basi miye nimependa mwanamke? Miye niko nini sasa?"

"Unapenda nani, weye ndiye unajua. Siwezi kukujibia. Miye najua tu miye ni nani."

"Muda huu wote, Paluku! Nilikueleza mpaka ndoto zangu!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Paluku alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alirudi kwake Bel-Air kwa miguu huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Kesho yake alikuwa Luano mapema, shati jeupe limepigwa pasi. Ndege ya Kalemie ilikuwa imekwisha kutua. Akasikia harufu ya marashi anayoyajua. Benita alikuwa pembeni yake, kitenge kile kile cha manjano, macho yamevimba.

"Usiseme neno," Benita alisema. "Sikiliza. Mama yangu anaitwa Ngalula. Mwaka wa tisini na mbili, kule Likasi, walipofukuza Bakasai, watu wa Kasai kama yeye, jirani alimficha akamwita Mwansa, jina la wenyeji. Alitetemeka kila mtu alipomsalimia. Weye ulitetemeka karibu yangu na sikuona. Hiyo ndiyo imeniliza."

"Na lile swali lako?"

"Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Kila nikijiuliza napenda nani, anakuja yule mujinga aliyemwaga maharage."

"Mama atapiga kelele hapa, Benita. Bantu batasikia."

"Basikie. Mama yangu alificha jina lake la kweli. Weye la kweli ndilo tunakuita."

Watu wakaanza kutoka. Mama Deborah alitoka nyuma kabisa, amekonda, kitambaa kichwani, kifurushi kimoja mkononi. Akasimama. Akatazama huku na huku. Paluku aliinamisha kichwa, akakaza meno, akingoja lile jina.

"Paluku!"

Hakusikia. Masikio yake yalikuwa yanangoja jina jingine.

"Paluku! We Paluku!"

Benita akamfinya mkono. "Unaitwa."

Akapenya kati ya watu. Alipofika, mama alimtazama nywele, shati, viatu, akarudi usoni akakaa hapo.

"Kalemie kila mulango banauliza, mama, nani anakupokea kule? Nasema Paluku. Tiketi ya nani? Ya Paluku. Mu ndege tena, Paluku." Alivuta pumzi. "Kinywa kimezoea. Roho bado, mwanangu. Roho uiache kwanza."

"Nitaiacha, mama."

Alilia waziwazi, mbele ya watu, na mama akamwachia kifurushi akishike.

"Na huyu wa manjano?"

"Ni Benita. Nataka kumwoa."

"Hee!" Benita aliruka. "Miye hujaniuliza!"

"Mutaulizana mu njia," alisema Mama Deborah. "Miye miguu inaniuma."